Namtafuta mwalimu wangu wa darasa la saba, jina ninalo moja tu

Fundi wa Mageti:

Wakuu, naombeni mwongozo. Mwaka 1994 nilikuwa darasa la saba Gairo, mkoani Morogoro, enzi hizo bado ikiwa ndani ya wilaya ya Kilosa. Hisabati alitufundisha Mwalimu Juma. Jina la pili silijui, la ukoo ndiyo kabisa. Wenyewe tulimwita Nusu, maana hakuwahi kuandika na chaki nzima: anaivunja katikati, kipande kimoja anakitia mfuko wa shati, kingine anakiandikia mpaka kucha zikwaruze ubao. Mfuko ule ulikuwa mweupe siku zote. Kwao alisema ni Kondoa.

Mwezi wa nne mwaka ule baba aliniachisha shule. Mchango wa UPE, ule wa elimu ya msingi, ulikuwa haujalipwa, na baba mdogo alitaka mtu wa kuchunga mbuzi. Siku ya nne, jioni, mwalimu akatokea na baiskeli, akasema anapita tu. Akakaribishwa ugali na mlenda. Wakaongea mvua, wakaongea alizeti, shule hakuigusa. Alipokwisha kunawa ndipo akamwambia baba, "Huyu kijana nina hesabu ya kumuuliza kesho." Basi, akaaga. Alfajiri baba mwenyewe ndiye aliyeniamsha.

Leo nina karakana ya kuchomelea Mbagala. Nataka nimwone, kama yupo. Nampataje? Na nikimpata naenda na nini? Sitaki aone nimekwenda kujionyesha.

Karani Mstaafu:

Usihangaike na mfuko wa pensheni, taarifa za mtu hawakupi, na wana haki. Anzia palepale shuleni, halafu kwa Afisa Elimu Kata. Ila usitegemee makaratasi sana, mengi mchwa wameshayamaliza. Ulizia mwalimu yeyote wa miaka ile aliyeoa au kuolewa hapohapo akabaki. Hao ndio wanaokumbuka nani alihamia wapi.

Mrangi Halisi:

Mkuu, ukisimama soko la Kondoa ukaita "Juma", nusu ya soko itageuka. Tafuta majina matatu kwanza. Ukishayapata, nenda Ijumaa, ukamsubiri imamu baada ya swala. Umwambie ni mwalimu aliyefanya kazi Morogoro akarudi nyumbani. Kwetu aliyefundisha huitwa Mwalimu mpaka kaburini, hapotei.

Bibi Mwalimu:

Mwanangu, nimeshika chaki miaka 34, nisikilize. Wanaokuja na kamera wanatuchosha: unakalishwa kwenye kiti cha plastiki, unaambiwa ufungue bahasha polepole ili picha itoke vizuri. Nenda siku ya kawaida, ukae, ule kitakachopikwa. Chukua mchele, sukari, na doti ya khanga kwa mama wa nyumba. Hela mpe mkononi wakati wa kuagana, usiitaje ni kiasi gani.

Jambo jingine. Usimuulize "unanikumbuka?" Swali hilo tunaulizwa na makonda, manesi, hata polisi wa barabarani, na kila mara tunadanganya kwamba ndiyo. Ukipiga hodi tu, taja majina yako yote, shule na mwaka.

Fundi wa Mageti:

Shikamoo Bibi Mwalimu, na wengine wote asanteni. Nimerudi juzi.

Shuleni hawakuwa na chochote. Lakini kuna mwalimu mama, mstaafu, anaishi nyuma ya soko la Gairo, alinitajia majina matatu bila hata kusimamisha ungo wake. Kondoa imamu alinipa mtoto wa kunipeleka.

Yupo. Jicho moja halioni vizuri, lakini jembe bado anashika. Nikajitaja kama nilivyoelekezwa. Akanitazama kwa muda, akasema, "Sikukumbuki, kijana wangu. Karibu ndani." Sitaficha, iliniuma kidogo. Tulikunywa chai. Nikamwambia jina la Nusu, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe alilijua tangu zamani. Chaki zilikuwa zinaletwa chache, akaona akizivunja yeye mwenyewe atajua za wiki zimebaki ngapi.

Nikamsimulia ile jioni ya baiskeli. Baba, mlenda, hesabu ya kesho. Akawa anatikisa kichwa kwamba hakumbuki. Nilipotaja kuwa mama alikuwa akikaanga maandazi pale stendi, akaweka kikombe chini.

"Yule mama wa kuku!"

Akanieleza. Alfajiri moja alisikia hodi, akakuta mwanamke kasimama na jogoo kwapani. Akamwambia mwanangu ameachishwa shule, mume wangu hasikii la mwanamke, lakini mwalimu humheshimu. Usimwambie mimi nimekuja. Kuku mwalimu alimkatalia, jogoo akarudi nyumbani. Wanafunzi, alisema, amewasahau wengi, lakini mtu aliyembebea jogoo kabla ya adhana hakumpata mwingine.

Usiku, nikiwa gesti, nikampigia mama. Baba hayupo tena, alitutoka 2011. Nikamwambia, mama, nimeambiwa habari za jogoo. Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

Kisha akasema, "Kwani wewe miaka yote hii uliamini alikuwa anapita tu?"