MJADALA: Mama ameomba mwenyewe kuhamia nyumba za wazee zenye wahudumu. Watoto wana haki ya kumkatalia?

Binti wa Buru
Mama ana miaka 76, mjane, anaishi peke yake Buruburu, Nairobi, katika nyumba waliyonunua na marehemu baba. Maisoneti za Buru mnazijua: jikoni na sebule chini, vyumba vya kulala na bafu juu. Magoti yamemlemea, na majuzi aliteleza ngazini akakaa pale sakafuni mpaka jirani alipokuja kubisha hodi. Akili yake iko timamu, hadi leo ndiye mweka hazina wa chama chao. Sasa amejitafutia mahali upande wa barabara ya Kiambu. Si yale makao ya kulala watu wengi chumba kimoja. Unapanga nyumba yako ndogo, ufunguo ni wako, unapika ukitaka, wageni wako wanakuja, ila wahudumu wako palepale usiku na mchana. Anataka ya Buru ipangishwe, kodi yake ilipie huko. Kaka zangu wawili wamewaka, eti tunamtupa mama. Mimi niko upande wa mama. Nyinyi mnasemaje?

Mzalendo Kayole
Hapana. Mzazi hatolewi nyumbani kwake. Mama aliwalea kwa mikono yake, leo mnamkabidhi kwa watu wasiomjua. Hata Katiba, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake. Kama hela mnazo, tafuteni msichana wa kazi wa elfu nane alale naye pale Buru, kitanda kishushwe sebuleni, maneno yaishe.

Wakili wa Mtaa
Ukitaja Katiba, taja yote. Kifungu cha 57 kinasema mzee apate huduma na usaidizi ufaao kutoka kwa familia yake NA Serikali. Tena hiyo ni aya ya mwisho. Kabla yake kuna kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Mzee kwa Katiba hii ni aliyefikisha miaka 60, na hakuna palipoandikwa kwamba ukifika hapo watoto ndio wanaokuamulia pa kulala.

Mzalendo Kayole
Serikali gani? Hii ya pesa za wazee za Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi, tena hadi ufike 70? Wakili, usituletee makaratasi. Serikali haiogeshi mtu.

Mama Pendo
Mimi nimekwama kwenye hiyo elfu nane.

Niliajiriwa kwa watu, mtaa sitautaja, kupika na kufua na kuangalia watoto. Babu yao alipopata kiharusi akaletwa kutoka hospitali, akaongezwa juu ya kazi zangu, mshahara ukabaki pale pale. Hakuna aliyenifundisha. Nesi alinionyesha mara moja tu jinsi ya kumgeuza, akasema afanyiwe hivyo kila baada ya saa mbili, usiku pia, asipate vidonda vya kulalia. Mzee alikuwa mtu wa mwili na mimi mnaniona nilivyo. Alfajiri nimeamka nimgeuze, saa kumi na mbili niwapigie watoto yunifomu pasi. Nilimpenda yule mzee na hakupata kidonda hata kimoja. Mgongo wangu ndio uliobaki huko.

Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kilipandishwa mwisho wa 2024 kikapita 16,000. Kwa hiyo wewe Mzalendo umechukua nusu ya mshahara wa sheria, ukataka nusu hiyo imlinde mama wa mtu usiku na mchana, siku zote saba.

Mzalendo Kayole
Mama Pendo, sijamtukana mtu. Nimetaja bei ya mtaani. Huku Kayole mwenye kuajiri mwenyewe hapati 30,000. Hiyo sheria yenu iliandikiwa matajiri wa Karen.

Kijana wa Umoja
Hapo Mzalendo amesema ukweli na mtamrukia bure. Mshahara wangu unakatwa 2.75 kwa mia ya afya, 1.5 ya nyumba, NSSF, kisha kodi ya mapato. Hiyo ya nyumba ndiyo inayoniuma. Tunachangia ghorofa zijengwe, basi si watenge nyumba za chini kwa wazee, milango mipana, choo cha kukalia chenye vyuma vya kushikilia ukutani? Mzee akipewa ghorofa ya nne na lifti imekufa, hiyo ni jela.

Dada wa South B
Mzalendo, swali dogo tu. Wazazi wako wako wapi na nani anawaogesha?

Mzalendo Kayole
Mama alitangulia. Baba yuko ushago, Mwala. Ana watu. Mke wa mdogo wangu yuko naye.

Dada wa South B
Analipwa na nani?

Mzalendo Kayole
Halipwi. Yeye ni wa nyumba ile, si mfanyakazi. Msituletee mambo ya kuajiri familia.

Dada wa South B
Basi tumefika. Mkisema "familia imtunze" huwa kuna mwanamke mmoja mnayemfikiria na jina lake hamlitaji. Mimi nilimtunza mama mkwe hadi akafariki. Nilifunga kibanda changu cha nguo na wateja wakaenda kwa wengine. Hakunikosea chochote yule mama, alikuwa ananiombea kila asubuhi. Waliokuwa wananiudhi ni wanawe, wa kuja Desemba na sukari na unga, kupiga picha na kuondoka, halafu kwenye kikao cha mazishi wanasimama kueleza jinsi "sisi kama familia" tulivyomtunza. Mama wa Binti wa Buru ameliona hilo. Amekataa kumfanya mke wa mwanawe mtumwa, na nyinyi mnaita hiyo kutupwa!

Kijana wa Umoja
Dada, si wanaume wote. Mimi ndiye ninayemvalisha mama viatu.

Dada wa South B
Nimemjibu Mzalendo, sijakutaja. Mbona unavaa kofia isiyo yako?

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, nina miaka 73 na nimesoma yote. Mnagombana kuhusu mishahara na wakwe, na mama wa watu anangoja jibu.

Binti wa Buru, mimi nilishaenda kutazama nyumba kama hizo. Msizichanganye na makao kama Nyumba ya Wazee ya masista pale Kasarani, ambako mtu anapokelewa kwa sababu hana kitu. Huku unaingia kwa mkataba wa kupanga. Kwa hiyo usome huo mkataba kuliko unavyotazama bustani. Kodi na huduma zimeandikwa mbalimbali au ni bei moja wanayoweza kuipandisha wakitaka? Mama akianza kusahau, ataruhusiwa kubaki au ataambiwa atafutiwe kwingine? Hilo ndilo lililonirudisha nyuma mimi, maana walinijibu kwamba "wataangalia." Kuhama ukiwa na 76 na akili zako ni sawa. Kuhamishwa ukiwa na 82 na huwajui watu ni jambo lingine. Na mpangaji wa Buru akikosa kulipa miezi miwili, nani anaziba? Nyumba ya Buru isiuzwe kwa vyovyote.

Jirani Donholm
Hiyo ya kofia nimeipenda. Kijana wa Umoja, kaa chini.

Kijana wa Umoja
Siwezi kukaa chini nikitukanwa kwa jambo ninalolifanya kila siku.

Nesi Leicester
Heshima zako Mwalimu, umeuliza la maana na umepitwa. Nafanya kazi hiyo huku Uingereza. Nyumba za aina hii, kila mzee ana mlango wake, jikoni yake, bafu lisilo na kizingiti, na kamba au kitufe cha kuita mhudumu. Mkataba wa nyumba ni wake na mwenye nyumba, mkataba wa huduma ni mwingine kabisa. Mtu akidhoofika anaongezewa saa za huduma palepale alipo, ingawa wapo wanaofika mahali ikabidi wahamie kwenye uuguzi kamili. Si bure. Hapa England ukiwa na akiba inayozidi pauni 23,250 huduma unajilipia mwenyewe. Denmark walipitisha sheria 1987 ya kuacha kujenga makao ya uuguzi ya mtindo wa zamani, wakajenga nyumba za namna hii, huduma ikawa inamfuata mzee. Mama aandikiwe hilo kwenye mkataba: huduma iongezwe, yeye asihamishwe.

Mzalendo Kayole
Wewe uko huko unaogesha wazungu. Mamako anaogeshwa na nani?

Nesi Leicester
Mama yangu yuko Kitengela na mhudumu aliyesomea kazi, ninamlipa kwa hizo pauni za wazungu, na nikimpigia mama simu tunaongea habari za majirani badala ya kuulizana kama amekula. Sina aibu nayo. Wewe lini umemkata babako kucha?

Kinachonichoma ni kingine. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuleta wauguzi huku. Vyuo vimejaa hapo mjini vinavyofundisha vijana kuhudumia wazee, na kila mmoja anawaza ndege. Watu wa kazi hii tunao. Hapo nyumbani kazi yenyewe inaitwa "msichana wa elfu nane", nani abaki?

Wakili wa Mtaa
Tupige hesabu, tuache kukaripiana. Mzee mmoja akae kwake na mtu macho saa 24: zamu tatu, na mmoja wa kushika siku za mapumziko. Hao ni watu wanne. Kwa kima cha chini tu ni 64,000 kwa mwezi, bado chakula. Sasa chukua wazee ishirini jengo moja, wengi wao wanaojiweza kama mama Binti. Wahudumu wawili kila zamu, ni sita, ongeza wawili wa mapumziko, nane. Walipe 25,000 kila mmoja, jumla 200,000, kila mzee anachangia 10,000 juu ya kodi ya nyumba yake. Mama hakufuata uzungu, alijua kupiga hesabu.

Mama Pendo
Wawili usiku kwa wazee ishirini? Mmoja akianguka, wa kumwinua ni watu wawili. Wa pili akivuta kamba dakika hiyo hiyo, anangoja nani? Tena kwa 25,000 na ujuzi wa kugeuza mtu, huyo naye ataenda Leicester.

Wakili wa Mtaa
Weka watatu kila zamu na mshahara 35,000. Ni wahudumu tisa, ukiongeza wa mapumziko kumi na mmoja. Haifiki 20,000 kwa kila mzee. Bado ni chini ya theluthi ya 64,000.

Binti wa Buru
Ahsanteni. Mwalimu, swali la kusahau nimelinakili neno kwa neno, na Nesi la mkataba pia. Jumamosi tunaenda na mama. Kaka mkubwa amekubali kuja, kwa masharti kwamba asiulizwe maoni yake mbele ya wenyeji. Mdogo amesema hakanyagi.

Mama Pendo
Ukifika, mameneja waache na chai yao. Mtafute mhudumu anayefagia au kusukuma kiti, umuulize yuko hapo tangu lini na usiku wa jana walikuwa wangapi. Muulize wanalala wapi wakiwa zamu na kama siku ya mapumziko wanapewa kweli. Ukikuta wote ni wa miezi miwili mitatu, ujue mama ataogeshwa na mgeni kila mara.

Mzalendo Kayole
Mimi msimamo wangu ni ule ule. Ila muulizeni pia kama mtoto anaruhusiwa kulala na mamake wikendi. Wakikataa hilo, mrudisheni Buru.

Kijana wa Umoja
Mmemaliza ya Binti wa Buru vizuri. Sasa mnijibu mimi. Mama yangu anapanga Umoja, ghorofa ya tatu, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa na mimi ndiye ninayepandisha mitungi. Hana nyumba ya kupangisha. Hesabu ya Wakili inaanzia kwenye kodi ya Buru. Yangu inaanzia wapi?