Mjadala: Je, mtoa tiba kwa vitendo asome hadi udaktari ndipo asajiliwe?

Mtoa mada, Moshi

Katika wiki za karibuni wenzetu wa kada ya tiba kwa vitendo, waliohitimu na walio bado masomoni, wamekuwa wakibishana juu ya pendekezo lenye mvuto mkubwa: kwamba vyuo vyetu vianzishe programu ya udaktari wa tiba kwa vitendo (shahada ya juu ya kada hii, si udaktari wa kutibu hospitalini), na kwamba baada ya muda fulani asisajiliwe mtu yeyote asiye na shahada hiyo, kwa kuwa huko ndiko Marekani ilikokwisha kuelekea. Nautaja msimamo wangu mapema. Napinga udaktari kuwa mlango wa kuingilia kazini. Naunga mkono, tena kwa dhati, udaktari kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi na ambaye sasa anataka kufundisha au kutafiti.

Kwa msomaji asiyeifahamu kada hii, mtoa tiba kwa vitendo hushughulika na mtu ambaye maradhi, ajali au ulemavu vimemzuia kufanya shughuli zake za kila siku. Mfiziotherapia humsaidia mgonjwa wa kiharusi kurudisha nguvu ya mkono. Sisi tunauliza mkono huo utafunga vipi kifungo cha shati, utakamua vipi ng'ombe, utashika vipi chaki ikiwa mwenyewe ni mwalimu. Hapa Moshi, KCMC, hospitali ya rufaa yenye vyuo vya afya, imekuwa ikifundisha kada hii kwa ngazi ya stashahada, na wengi wa wanaofanya kazi hii katika hospitali za nchi hii wamepitia mikononi mwa walimu wa hapo.

Sasa tuitazame hiyo Marekani inayotajwa. Tangu mwaka 2007 mtu hawezi kuingia katika kada hii kule bila angalau shahada ya uzamili. Mwezi Agosti 2017 baraza linalotoa ithibati kwa vyuo vyao lilitangaza kwamba kufikia Julai 2027 ngazi pekee ya kuingilia itakuwa udaktari. Wanataaluma wenyewe walipinga, agizo likasimamishwa, na mwezi Aprili 2019 wawakilishi wa chama chao wakaamua kwamba njia zote mbili, uzamili na udaktari, zibaki wazi. Kwa hiyo anayesema Marekani imeshahamia udaktari anasimulia nusu ya habari. Tena tofauti ya programu hizo mbili si kubwa kama inavyodhaniwa: zote zinadai mafunzo kazini yasiyopungua wiki 24, zote zinaishia kwenye mtihani uleule wa taifa, na udaktari unaongeza hasa mradi wa kuhitimu wa wiki 14, yaani saa 560, katika eneo ambalo mwanafunzi amelichagua, liwe utafiti, uongozi au utetezi wa sera. Ni nyongeza nzuri. Lakini si hiyo inayomfanya mtu ajue kumsaidia mgonjwa.

Linaloniuma zaidi ni la hapa nyumbani. Mzee aliyepata kiharusi akaruhusiwa kurudi kwake Marangu hakuti huko beseni la kuogea wala jiko la kupikia umesimama. Anakuta choo cha shimo cha kuchuchumaa, jiko la mafiga matatu, na njia ya mteremko katikati ya migomba ambayo mvua ikinyesha humtelezesha hata mzima. Mtoa tiba anayeijua kazi yake atamtazama anavyochuchumaa na anavyoinuka, atamwagiza fundi wa kijijini kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, kisha atahakikisha kuna mti uliochimbiwa vizuri upande wa mkono wenye nguvu. Maarifa haya hupatikana kwa kwenda nyumbani kwa mgonjwa pamoja na mwalimu anayeona kile ambacho mwanafunzi hajakiona. Shirikisho la dunia la kada yetu, lililoundwa mwaka 1952, linadai mwanafunzi apate saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kwa vitendo, na halikuweka udaktari kuwa sharti.

Kisha kuna hesabu ya miaka. Kijana aliyefaulu masomo ya sayansi kidato cha nne anaweza kuhitimu stashahada kwa miaka 3. Mfanye apite kidato cha tano na cha sita, shahada ya kwanza, kisha udaktari wa miaka 3, na utampata wodini baada ya miaka 8 au 9. Katika muda huo wote nani atakuwa anakwenda Marangu?

Mchangiaji, Njiro, Arusha

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kuhusu historia ya Marekani. Hata hivyo umelikwepa jambo moja zito. Wenzao wa fiziotherapia kulekule Marekani waliufanya udaktari kuwa lazima, na tangu mwaka 2016 hakuna programu yao inayopata ithibati chini ya ngazi hiyo. Kwa nini waliamua hivyo? Walichoka kuwa watu wa kutumwa. Nawe unajua hali ilivyo katika hospitali zetu: mwenye stashahada akitoa maoni kwenye kikao cha wodi kwamba mgonjwa asiruhusiwe kwa sababu bado hajaweza kujilisha, sauti yake hupita kama upepo. Ngazi ya elimu si pambo. Ndiyo inayoamua nani anasikilizwa, nani anapanga bajeti na nani anaitwa miongozo inapoandikwa.

La pili ni walimu. Katika vyuo vikuu vyetu, anayetaka kuwa mhadhiri kamili anadaiwa shahada ya uzamivu (PhD). Ukisema stashahada inatosha, vijana wenye akili nyingi wakitaka kupanda ngazi wanakwenda kusoma afya ya jamii au utawala, na hawarudi tena kwenye kada. Wapo ninaowafahamu, wazuri sana wa mikono, ambao leo wanaandika ripoti za miradi. Tunapoteza watu kwa kuwa ngazi yetu ni fupi, na wewe unapendekeza ibaki fupi.

Mzazi, Pasua

Mimi si msomi wa mambo haya, lakini nina mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na naomba nisikilizwe. Dada aliyekuwa akituhudumia alikuwa na stashahada. Aliuzungushia mpini wa kijiko vipande vya tyubu ya baiskeli hadi ukawa mnene, akaupinda kidogo kuelekea mdomoni, na mwanangu akaanza kula mwenyewe. Alinifundisha pia kutengeneza kiti cha kukalia kwa maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, kikakauka kikawa kigumu kama ubao. Alipohamishwa hakuletwa mwingine. Mnapojadili vyeo vyenu, mniambie ni njia ipi itakayomleta huyo mwingine mapema.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Moshi

Naomba kuongeza kwa kifupi. Sisi tulio masomoni hatuogopi kusoma. Tunaogopa kusoma kisha tukose nafasi, kwa sababu hospitali nyingi za wilaya hazina kabisa ikama, yaani nafasi za ajira zilizoidhinishwa, ya kada yetu. Aliye na udaktari ataajiriwa kwa muundo upi wa utumishi, ikiwa hata mwenye stashahada anahangaika?

Mtoa mada, Moshi

Nianze na mama wa Pasua, kwa kuwa swali lake ndilo linaloipima hoja yote. Njia ya mapema ni stashahada, na nafasi za ajira alizozitaja mwanafunzi. Chuo kinaweza kuongeza wanafunzi mwaka ujao, lakini bila halmashauri kuomba nafasi hizo kwenye ikama zao, wahitimu wataishia kwenye miradi inayofungwa wafadhili wakiondoka.

Mchangiaji wa Njiro, sikusema ngazi ibaki fupi. Ninachokataa ni kumlazimisha kila mtu apande hadi juu ndipo aruhusiwe kuanza kazi. Ngazi ndefu yenye mlango chini ni jambo ninalolitaka: stashahada, kisha shahada ya kwanza inayotambua miaka ambayo mtu amefanya kazi ili asirudishwe darasani kusomea upya mambo anayoyafanya kila siku, kisha uzamili, kisha uzamivu kwa wachache watakaofundisha. Na uzamivu huo ufanyiwe kazi zilizo mbele yetu. Mtu achunguze, kwa mfano, ni wagonjwa wangapi wa kiharusi wanaoruhusiwa kutoka hospitali za Mawenzi na Mount Meru ambao miezi sita baadaye wanaweza kwenda chooni bila kushikwa, na ni nini kiliwasaidia. Nakuhakikishia kwamba atakayeingia kwenye kikao cha wodi na takwimu za namna hiyo atasikilizwa, awe na cheo gani.

Kuhusu heshima, nasema jambo ambalo huenda halitawapendeza wenzangu. Bima ya Marekani humlipa mtoa tiba kwa huduma aliyoitoa, bila nyongeza kwa kuwa ana udaktari, na wapo wahitimu wa kule wanaolalamika kwamba wamebaki na deni kubwa kwa mshahara unaokaribiana na wa mwenye uzamili. Sisi tutamtwisha nani mzigo huo?

Mchangiaji, Njiro, Arusha

Mlango wa chini naukubali. Ninachodai ni maandishi. Katika maoni tutakayopeleka chuoni, iandikwe ni miaka mingapi ya kazi itakayohesabiwa kwa anayetoka stashahada kwenda shahada, na iandikwe kwamba atakayepelekwa kusomea uzamivu kwa fedha za umma atarudi kufundisha katika kada hii, si nyingine. Bila vipengele hivyo viwili mimi sitasaini.

Mtoa mada, Moshi

Cha pili nakiandika leo. Cha kwanza napendekeza miaka 2. Wenye hoja ya kuongeza au kupunguza waseme.