Njegere zina majani tele lakini maua yanapukutika, hazitungi maganda. Shida ni nini?

Bustani_Kihesa
Wakuu, habari za humu. Niko Iringa mjini. Tuta ni la mita 4 kwa 1.2, njegere za kutambaa, zilipandwa wiki ya kwanza ya Septemba. Leo ni mwisho wa Oktoba, zimefika kifuani, kijani kibichi kweli kweli. Maua meupe yanatoka, yanakaa siku mbili tatu, kisha yanadondoka pamoja na kikonyo. Majani ya chini yameanza kuwa na unga mweupe. Kabla ya kupanda niliweka samadi madebe 4, na kila wiki namwagia urea, vijiko 2 vya chakula kwenye ndoo ya lita 20. Nimesimika fito kama za maharage lakini miche inalala tu. Jirani anasema tatizo ni nyuki hawaji. Nipulize dawa gani?

Fito_na_Shepe
Mkuu, dawa ya maua kudondoka haipo, usimpe mtu wa duka hela yako.

Nyuki waache kabisa. Ua la njegere hujichavusha lenyewe likiwa bado limefumba. Ukiliona limefunguka, kazi imeshaisha. Mendel, yule mtawa aliyegundua kanuni za urithi, alipokuwa akichanganya njegere zake kule Brno (Ucheki ya leo) ilimbidi afungue maua machanga kwa mkono na kutoa chavua mapema, la sivyo ua lingemtangulia.

Kinachokuangusha ni joto. Njegere hufurahia nyuzi 13 hadi 18, na huvumilia zaidi kidogo. Mchana ukifika nyuzi 27 na kuendelea, hasa udongo ukiwa mkavu, mmea huanza kuangusha maua na maganda machanga. Umepanda Septemba, maua yameangukia Oktoba na Novemba, miezi ya joto kuliko yote hapo Iringa. Kwa mji huo panda kati ya Aprili na mwanzo wa Juni, ili maua yatoke kwenye baridi, na ujipange kumwagilia kwa sababu mvua zitakuwa zimekatika.

Kosa la pili ni urea. Acha leo. Samadi uliyoweka inatosha. Naitrojeni, kirutubisho cha urea, ikizidi, mmea unaendelea kujenga majani, na vifundo vya mizizini, vyenye bakteria wanaoutengenezea mmea naitrojeni, vinagoma kufanya kazi. Chimbua mche mmoja taratibu kwa shepe, usiung'oe kwa kuvuta maana vifundo vitabaki ardhini. Kata kifundo kwa wembe: ndani kikiwa chekundu au waridi, kinatengeneza naitrojeni. Kikiwa cheupe au kijivu, hakifanyi lolote. Na usitegemee kwamba hapo palilimwa maharage, bakteria wa maharage si wale wa njegere.

Msimu ujao weka mbolea ya kupandia ya DAP kijiko kimoja cha chakula kwa kila mita ya mstari, ichanganye na udongo ili mbegu isiiguse, basi. Mbegu ikae kina cha sentimita 3 hadi 5, nafasi sentimita 5 hadi 8. Kwenye tuta lako inatosha mistari miwili, sentimita 60 katikati.

Minji_Limuru
Naongezea kuhusu fito, kwa sababu hapo wengi hukosea. Maharage huzungusha shina lake kwenye mti. Minji (ndizo njegere kwetu Kenya) hawezi, yeye hushika kwa vikono vilivyo nchani mwa jani, na vikono hivyo haviwezi kuzunguka kitu kinene kuliko penseli. Ndiyo maana yako inalala. Simika nguzo za mita 2, zizame sentimita 40, moja kila mita 1.5, kisha vuta kamba ya katani kila sentimita 20 kuanzia sentimita 15 kutoka chini. Wavu ni bora zaidi. Fanya hivyo miche ikiwa na urefu wa kiganja. Ukichelewa utaivunja, shina lake ni tupu ndani.

Ule unga mweupe ni ubwiri unga. Hauhitaji jani lililolowa kama magonjwa mengine ya ukungu, kwa hiyo hushamiri kiangazi, mchana mkavu na usiku wenye umande. Toa majani ya chini yaliyoshikwa, uyafukie mbali. Salfa ya kuchanganya na maji husaidia ikiwahi, kwa kipimo cha lebo, asubuhi au jioni, kwani kwenye jua kali huunguza majani. Ukisubiri ufike kwenye maganda umechelewa.

Maji: lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Tuta lako ni mita za mraba 4.8, yaani ndoo 6 za lita 20, uzigawe mara tatu. Usikose maji kuanzia maua hadi punje zijae.

Kuhusu kalenda, tahadhari moja kwa walio juu zaidi, kama Njombe na Makete: Juni na Julai kuna sitalaiti, yaani umande unaoganda kuwa barafu. Majani huivumilia, maua na maganda machanga huungua. Huko afadhali mpishane tarehe za kupanda, wiki mbili mbili.

Bustani_Kihesa
Asanteni sana. Kwa hiyo hizi ning'oe? Halafu dukani kuna pakiti imeandikwa "Sweet Pea" ina picha ya maua ya zambarau na waridi. Ndizo tamu zaidi?

Fito_na_Shepe
Hiyo pakiti usiiguse kwa ajili ya sufuria! Ni ua la harufu nzuri, mmea mwingine kabisa, na mbegu zake zina sumu. Maganda yake yanafanana na njegere changa, kwa hiyo wenye watoto wasiupande karibu na tuta la chakula.

Hizo zako using'oe bado. Acha urea, tandaza nyasi kavu sentimita 5 kupunguza joto la udongo, na mwagilia asubuhi. Zikipata siku chache za mawingu zinaweza kutunga maganda kadhaa. Yavune kila siku mbili tatu, mkono mmoja ukishika shina, yakiwa yamejaa na bado yanang'aa. Ganda likikomaa mmeni, maua mapya husimama. Mwishoni kata mashina usawa wa ardhi, mizizi uiache humo humo, kisha panda mchicha au kabichi.