Tupeane uzoefu: michezo ya kuigiza ya bure maktabani

Wanaoandaa maonyesho ya bure maktabani, karibuni. Naanza na kuona, maana hapo ndipo mengi yanapoharibika. Maktaba haina jukwaa, sakafu ni tambarare. Mwigizaji akipiga magoti au akilala, kuanzia mstari wa tatu hakuna anayemwona. Kufa kufanyike juu ya benchi, kuomba msamaha kufanyike kwa kusimama. Watoto wakae kwenye mikeka mbele, nyuma yao viti mistari miwili ya nusu duara, wengine wasimame. Mita 4 kwa 5 zinawatosha waigizaji watano. Na msiwaweke waigizaji dirisha likiwa nyuma yao: mchana uso wote unakuwa kivuli, mtazamaji anasikia kilio bila kuona machozi.

*

Naongezea sauti. Mazulia na vitabu hunyonya sauti, silabi za mwisho ndizo zinazomezwa kwanza. Kupayuka hakusaidii, tamkeni neno mpaka mwisho na mgeuzie hadhira uso. Printa na feni vizimwe kabla ya kuanza. Fanyeni zoezi moja humo humo, saa ileile ya onyesho.

*

Waya za umeme zibandikwe tepu pana urefu wote, si ncha mbili tu. Katikati ndipo panaponasa mguu. Mashine ya moshi msilete kabisa, king'ora kikilia jengo zima linatoka nje.

*

Jamani, kiingilio cha bure hakifuti haki za mtunzi. Shakespeare alifariki 1616, kazi zake ziko huru, lakini tafsiri ina haki zake yenyewe. Tafsiri za Julius Nyerere, aliyefariki 1999, bado zinalindwa. Ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kugawa nafasi za uigizaji, msije mkabadilisha mchezo watu wameshakariri.

*

Mkutubi hapa. Rafu za magurudumu zifungwe breki, njia ya kutokea ibaki wazi, na vitabu vya rafuni visitumike kama vifaa vya mchezo. Dakika 45 bila mapumziko zinatosha. Mkisimamisha katikati, wasiolipa kiingilio huondoka bila kinyongo. Tengeni nusu saa ya kurudisha meza kabla ya kufunga. Tangazo liwekwe mlangoni wiki nzima kabla, lionyeshe saa na chumba kingine cha kusomea. Mwanafunzi mwenye mtihani kesho ana haki ya ukimya wake, na akijua mapema wapi pa kukaa, hagombani na mtu.