Wauza seva, acheni kuwaandikia wateja "inabeba watumiaji 50" bila hesabu!

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa malalamiko na sitapunguza makali.

Kuna tabia imeota mizizi kwa mafundi na wauzaji wanaofunga seva za kuingia kwa mbali maofisini. Mteja ana matawi matatu, anataka wahasibu wote waingie kwa RDP (njia ya Microsoft ya kutumia kompyuta ukiwa mbali) kwenye Windows Server moja iliyoko makao makuu. Anauliza itabeba watu wangapi kwa wakati mmoja. Anajibiwa hapo hapo: "Hamsini bosi, bila wasiwasi." Hakuna aliyeuliza watu hao wanafungua programu gani. Hakuna aliyeuliza intaneti ya ofisi inapandisha data kwa kasi gani. Wakifika kumi na tano tu, mshale wa mausi unaganda, na fundi yule yule anarudi na ankara ya kuongeza RAM.

Idadi ya watumiaji isiyotaja kazi wanayofanya haina maana yoyote. Microsoft wenyewe, kwa mashine inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja, wanapendekeza kwa kila vCPU (kitengo cha prosesa, hapa nakihesabu kama kore moja) watu 6 wa kazi nyepesi, 4 wa kazi ya wastani, 2 wa kazi nzito, na 1 kwa kazi nzito kabisa. Mashine ni ile ile, jibu linapishana mara sita. Wewe hiyo 50 umeitoa wapi?

Tupige hesabu basi. Seva ina kore 8 na RAM GB 32. Kwa kazi ya wastani, prosesa inakupa watu 32, na wengi wenu ndipo mnapoishia. Njoo kwenye RAM. Windows na antivairasi toa GB 4. Hifadhidata ya programu ya uhasibu mmeirundika humo humo, jambo ambalo halikupaswa kufanyika, toa GB 6. Akiba ya dharura GB 6. Zimebaki 16. Mhasibu aliyefungua programu yake, mafaili mawili ya Excel na Chrome yenye tabo saba anakula GB 1.2 kirahisi. Gawanya: watu 13. Jibu la seva hiyo ni 13, kwa sababu kinachoisha kwanza ndicho kinachoamua. Na hata hizo GB 6 za hifadhidata ni pale ulipoiwekea kikomo kwa mkono wako. SQL Server (programu ya hifadhidata ya Microsoft) ikiachwa ilivyosakinishwa, kikomo chake cha RAM ni MB 2,147,483,647, yaani hakuna kikomo. Itameza kila kilicho wazi, halafu mtalaumu watumiaji.

Diski ndiyo mnayoidharau kuliko vyote. Diski ya kuzunguka ya 7,200 rpm (mizunguko kwa dakika) inatoa operesheni kati ya 75 na 100 kwa sekunde. Ukiunganisha tatu kwa RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, data ikibaki salama moja ikifa), kila uandishi mdogo unazaa operesheni nne, kwa hiyo kwenye kuandika unashuka hata chini ya uwezo wa diski moja. Saa mbili asubuhi watu ishirini wanaingia ndani ya dakika tano, kila mmoja anapakiwa profaili yake, antivairasi inakagua kila faili, na seva nzima inasimama huku prosesa ikionyesha asilimia 20. RAM haitatibu hilo. Weka SSD.

Intaneti nayo. Seva ndiyo inayotuma picha ya skrini kwenda matawini, hivyo kinachohesabika ni kasi ya kupandisha ya makao makuu. Kifurushi cha Mbps 40 kushusha na 10 kupandisha, hapa ni cha 10. Mtu wa Excel anatumia wastani wa kbps 150 hadi 200, hao 13 wanaingia bila shida. Ila mmoja akifungua video ndani ya seva, peke yake anaweza kula Mbps 7. Zuia video, au ihesabu.

Sasa hili linaniuma zaidi, maana dawa yake ni bure. Mtumiaji akimaliza kazi anabonyeza ile X juu ya dirisha na kwenda zake. Hajatoka! Sesheni yake imebaki ndani na RAM yake yote, na kwa kawaida Windows haimwondoi kamwe. Fungua Command Prompt, andika quser, tazama safu ya hali: utakuta Active (waliopo kazini) 9 na Disc (walioondoka bila kutoka) 14. Unalipia watu 14 ambao wako nyumbani wamelala. Nenda Group Policy (sehemu ya kanuni za mipangilio ya Windows), tafuta "Set time limit for disconnected sessions", weka saa moja au mbili, na watangazie watu wahifadhi kazi kwanza, kwa sababu kisichohifadhiwa kitapotea. Ni dakika kumi za fundi, na bado hamfanyi.

Leseni. Windows Server bila leseni za RDS (huduma ya kuingiza watu wengi kwa mbali) inaruhusu watu 2 tu, kwa ajili ya usimamizi. Mkisakinisha RDS mnapata siku 120 za majaribio, mnachukua hela, mnaondoka. Siku zikiisha wafanyakazi wote wanakataliwa mlangoni, anabaki msimamizi anayeingia kwa amri ya mstsc /admin. Huo ni utapeli. Tena leseni hizi hazihesabu walio ndani kwa wakati mmoja: ni kwa kila mtu au kwa kila kifaa. Ofisi ya watu 60 wanaopokezana zamu kwenye kompyuta 20 inahitaji leseni 20 za kifaa, na kuna wateja wanauziwa 60 za mtu. Kisha hesabu leseni za kawaida za Windows Server, zinanunuliwa kando.

Anayetaka namba ya kweli apime. Chukua watumiaji 5 halisi, na programu zao halisi, siku ya pilika. Kwa ofisi za uhasibu Tanzania na Kenya, pimeni tarehe 18 hadi 20, ritani za VAT zinapofukuziwa. Andika RAM iliyotumika kabla hawajaingia na ilipofika kileleni, tofauti gawanya kwa 5. Kwenye Performance Monitor fuatilia Avg. Disk sec/Read isikae juu ya milisekunde 20. Kwenye Server 2019 kwenda juu kuna User Input Delay per Session. Hiyo inapima muda kati ya mtu kubonyeza kitufe na programu kukipokea. Ikianza kuzoea milisekunde 200, mmeshavuka uwezo hata kama prosesa inaonekana imetulia. Kisha ongeza watu watano watano na pima upya. Kuzidisha matokeo ya watu 5 kwa kumi ni kubahatisha.

Muuzaji aandike kwenye nukuu ya bei: watu wangapi, programu zipi, RAM kwa mtu, kasi ya kupandisha. Asipoandika, msilipe.

NYONGEZA: Mnaouliza kuhusu VPN (njia ya siri ya kuunganisha matawi kupitia intaneti), ndiyo, iwepo, msiache mlango 3389, ule wa RDP, wazi kwenye intaneti. Roboti zinazojaribu nywila usiku kucha zinakula prosesa, na wahalifu wanaoziendesha wakipata moja mnafungiwa mafaili yote. Lakini VPN nayo ina hesabu yake. OpenVPN 2 (programu ya VPN) bila DCO (kiongezo kinachohamishia kazi ya data kwenye kiini cha mfumo) inafanya kazi kwa kore moja, hivyo ruta yenye kore nne dhaifu haikusaidii kitu. Na mkiiacha kwenye topolojia ya net30 (namna ya kugawa anwani), kila mteja, yaani kifaa kinachounganishwa, anachukua anwani nne, kwa hiyo mtandao wa /24 (anwani 256) unaishia wateja 63 hivi. Andikeni topology subnet kwenye faili la mipangilio ya OpenVPN.