Mkondo mnyoofu au kilovolti 400 za mkondo geu: soko la miradi ya kusafirisha umeme linaelekea wapi?

Fundi wa Chalinze (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nimefanya kazi miaka 9 katika njia za kusafirisha umeme wa mkondo geu, yaani ule unaobadili mwelekeo mara kwa mara, na sasa nimepata nafasi ya masomo ya mwaka mmoja. Natakiwa kuchagua ama kubobea katika vituo vya kubadili mkondo, yaani umeme wa mkondo mnyoofu (unaokwenda upande mmoja tu) wa msongo mkubwa, ama kuongeza ujuzi katika njia za kilovolti 400 ninazozifahamu. Naomba tulinganishe kwa takwimu, hasa kwa kuangalia mahali ambapo miradi itapatikana miaka 15 ijayo.

Mhandisi wa Narok

Ndugu Fundi, tuanze na mradi ulio karibu nasi. Njia ya Wolayta-Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ina urefu wa takriban kilomita 1,045, msongo wa kilovolti 500 na uwezo wa megawati 2,000. Ukipita barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok utaiona tofauti kwa macho yako: mnara wa mkondo mnyoofu hubeba mafungu mawili tu ya waya, moja kila upande, ilhali minara ya mkondo geu inayoingia Suswa hubeba matatu kwa kila saketi. Waya pungufu na mnara mwembamba ndiyo akiba yenyewe, lakini akiba hiyo humezwa na gharama ya vituo viwili vya kubadili mkondo, kimoja kila mwisho. Ndiyo maana kwa njia ya juu ya ardhi hesabu hugeuka baina ya kilomita 600 na 800. Chini ya hapo mkondo geu hushinda. Njia ya Isinya hadi Singida, yenye kilomita 510 hivi na iliyowashwa Desemba 2024, ilijengwa kwa kilovolti 400 za mkondo geu, na naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Kuhusu soko, nitasema wazi kwamba mimi huhesabu mikataba kabla ya kuhesabu kilomita. Kenya ilianza kununua umeme wa Ethiopia Novemba 2022 kwa megawati 200, zipande hadi 400 baada ya miaka 3, katika mkataba wa miaka 25. Megawati 400 ni sehemu ya tano ya uwezo wa njia. Tanzania ilieleza mwaka 2025 nia ya kununua umeme huo kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, jambo ambalo lingesaidia kuijaza. Hata hivyo, sioni mfadhili atakayeharakisha njia ya pili ya aina hiyo katika eneo letu wakati ya kwanza ingali na nafasi kubwa namna hii.

Binti Unguja

Mhandisi amezungumzia nchi kavu, nami naomba tuitazame bahari, kwa sababu huko ndiko fedha nyingi za Ulaya ziliko. Waya wa chini ya bahari ni kama chupa ndefu: kwa mkondo geu wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, hujazwa na kumwagwa mara 100 kila sekunde, na ukizidi urefu wa kilomita 50 hadi 100 hivi, nafasi yake kubwa hutumika kujijaza wenyewe badala ya kumfikishia mteja umeme. Waya wetu wa mwaka 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ni mfupi, ndiyo maana kilovolti 132 za mkondo geu zinatosha. Viking Link, baina ya Uingereza na Denmark, ina kilomita 765 na megawati 1,400, na bila mkondo mnyoofu isingewezekana kabisa.

TenneT, kampuni ya gridi ya Uholanzi na Ujerumani, imeagiza mifumo ya megawati 2,000 kila mmoja, kwa kilovolti 525, ili kuleta pwani umeme wa upepo wa Bahari ya Kaskazini. Watengenezaji wakubwa wa vituo katika soko hilo ni Hitachi Energy, Siemens Energy na GE Vernova. Wa nyaya ni Prysmian, Nexans na NKT. Viwanda hivyo vina foleni ya miaka, na nchi inayotaka kituo kimoja tu husimama nyuma ya mnunuzi anayetaka kumi. Kazi zipo nyingi, lakini nyingi ziko mbali na kwetu.

Mkaazi wa Maskati

Naongeza jambo moja. Al Fadhili, Saudia, kuna kituo cha megawati 1,800 kilichoanza kazi 2009 ambacho hakina njia ndefu yoyote: kazi yake ni kuunganisha gridi ya Saudia ya hezi 60 na za majirani wa Ghuba za hezi 50. Afrika Mashariki sote tunatumia hezi 50, kwa hiyo sababu hiyo kwetu haipo.

Mwana wa Kolwezi

Kwetu Lualaba, Kongo, njia ya mkondo mnyoofu kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, yenye kilomita zipatazo 1,700, inafanya kazi tangu 1982 ikilisha migodi. Vijiji vingi iliyovipita vinaitazama juu ya paa zao vikiwa gizani, na hili huniuma kila nikisafiri. Kushusha umeme katikati ya njia ya namna hiyo kunahitaji kituo kingine kizima cha kubadili mkondo. Njia ya Isinya hadi Singida, kinyume chake, inaacha umeme Lemugur, Arusha, kwa kituo cha kawaida cha kupoza. Mnapolinganisha gharama, naomba watu wa katikati wahesabiwe.

Fundi wa Chalinze

Nashukuru sana. Je, nikichagua mkondo mnyoofu, nisomee vituo vya thairista (swichi za kielektroniki zinazoweza kuwashwa lakini haziwezi kujizima zenyewe) au vile vipya vya transista (zinazowashwa na kuzimwa wakati wowote)?

Mhandisi wa Narok

Vya transista. Kituo cha thairista huhitaji gridi yenye nguvu pande zote mbili, lakini cha transista huweza hata kuiamsha gridi iliyozimika yote. Namibia ilichagua aina hiyo mwaka 2010 kwa njia ya Caprivi, kilomita 950 na megawati 300, kwa sababu gridi za pande zake ni dhaifu, na gridi zetu nyingi zinafanana na hizo. Katika mradi wa Zhangbei, China, teknolojia hiyo imeunganisha vituo vinne tangu 2020, hatua inayogusa hoja ya ndugu wa Kolwezi, ingawa bei bado ni kubwa. Lakini usiache somo la mifumo ya udhibiti na ulinzi wa thairista: Suswa, Kolwezi na Cahora Bassa ya Msumbiji, ambazo zote ni za thairista, zitahitaji mafundi kwa miongo kadhaa, na mifumo ya udhibiti huchakaa mapema kuliko thairista zenyewe.