Naomba ushauri: Ndanda hadi Newala kwa miguu, siku tatu, vijana 12 na mabegi mgongoni

Mlezi wa Vijana (mtoa mada)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Nina vijana 12 wa miaka 14 hadi 17, wavulana saba na wasichana watano. Likizo ya Juni nataka tutembee kutoka Ndanda, tupande uwanda wa Makonde, tutokee Newala tukaone Shimo la Mungu, lile bonde kubwa la ukingoni. Siku tatu, usiku mbili. Watu wazima tutakuwa watatu, mmoja wao mwanamke. Kila kijana abebe begi lake, chakula na maji. Naomba mnisaidie ratiba, mizigo na chakula. Kama kuna jambo sijaliona, niambieni kabla sijaita kikao cha wazazi.

Mpanda Milima Kusini

Marahaba. Mtoa mada, anza na ramani. Ukipima Ndanda hadi Newala kwa mstari ulionyooka unapata zaidi ya kilomita 50, na njia za miguu hazinyooki. Kwa siku tatu hiyo ni kilomita 20 na ushee kila siku, mgongoni kuna mzigo, na siku ya kwanza inaanza na mlima. Mtu mzima aliyezoea ataweza. Kijana wa miaka 14 siku ya pili mchana atakaa chini, na mtakuwa mahali ambapo gari halipo.

Kikundi cha vijana wenye mabegi kinakwenda kilomita 3 kwa saa njia ikiwa tambarare. Kila mita 100 za kupanda ongeza dakika 20, na kila saa moja ondoa dakika 10 za kupumzika. Panga kilomita 10 hadi 12 kwa siku, zisizidi. Ondokeni saa 1 asubuhi, kaeni kivulini kuanzia saa 6 hadi saa 8 na nusu, na saa 10 alasiri muwe mmeshafika kambini. Juni jua linazama saa 12 na dakika chache, na giza huku linaingia haraka.

Mimi ningebadilisha safari yenyewe. Siku ya kwanza pandeni kutoka Ndanda, mlale kijiji cha juu kwenye shule. Siku ya pili acheni mabegi hapohapo na mlinzi, mtembee ukingoni mwa uwanda na mzigo mdogo tu, mrudi kulala palepale. Siku ya tatu mteremke asubuhi, gari liwasubiri chini, mwende Newala kupitia Masasi. Shimo la Mungu mtalifikia kwa gari, na vijana watakuwa na nguvu za kulifurahia. Ongeza usiku wa tatu, mlale Newala mjini, msisafiri gizani.

Mtu wa Uwandani

Mkuu hapo juu umesema vizuri, ila safari ya huku inapangwa na maji kabla ya miguu. Ardhi ya juu ya uwanda wa Makonde ni ya kichanga na inapitisha maji. Mvua inazama chini, halafu inatokea kama chemchemi kwenye kitako cha mlima. Ndiyo maana Ndanda kuna maji mengi, ukifika juu hukuti kijito. Vijiji vya juu vinategemea bomba, visima virefu na maji ya mvua ya kwenye matangi. Bomba likikatika wiki mnayofika, mtakuwa watu 15 mnaogombea ndoo na wenyeji. Hilo si jambo la kuwafanyia watu waliowapokea.

Piga hesabu hivi. Maji ya kunywa lita 3 na nusu kwa kila mtu kwa siku, ya kupikia na kuosha vyombo lita 1 na nusu. Jumla lita 5. Watu 15 ni lita 75, yaani madumu manne ya lita 20 kila siku, bila kuoga. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ukisema kila kijana abebe maji yake ya siku mbili umempa kilo 10 kabla hajaweka hata shuka. Haiwezekani.

Kijana abebe lita 2 tu, kwenye chupa mbili, si moja, kwa sababu chupa moja ikipasuka bado anayo nyingine. Madumu yapelekwe na bodaboda hadi kambini siku moja kabla, yakabidhiwe kwa mwenyekiti wa kijiji au mwalimu mkuu, kwa jina na kwa idadi. Siku ya pili asubuhi bodaboda iyohiyo ilete mengine. Mlipe dereva nusu mwanzoni na nusu akishafikisha, na uwe na namba ya dereva wa pili.

Nesi wa Jamii

Kwenye maji niongeze. Chemsha, au tumia vidonge vya klorini na usubiri dakika 30. Someni paketi: vipo vidonge vya ndoo ya lita 20 na vipo vya lita moja. Kosa linalotokea sana ni kijana kutumbukiza cha lita 20 kwenye chupa yake, maji yanachoma koo, anaacha kunywa kabisa. Dawa itiwe kwenye dumu na mtu mzima mmoja tu. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope linamaliza nguvu ya klorini.

Vijana hawasemi wanapoumwa, hasa wakiwa mbele ya wenzao. Usimwulize "uko sawa?" maana atajibu yuko sawa. Mwambie "nionyeshe chupa yako." Saa 5 asubuhi chupa ya kwanza iwe imeisha. Kichwa kikimuuma, mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mweke kivulini na mpe ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, inayochanganywa na maji) kidogo kidogo. Paketi zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Chumvi isizidi hapo.

Miguu: viatu vipya marufuku, wavae vilivyokwisha kuzoea mguu. Jozi tatu za soksi kila mtu. Kila mapumziko ya kwanza wote wavue viatu na wakague visigino. Mahali pekundu panapochoma bandikeni plasta ya kitambaa palepale, kabla lengelenge halijajaa. Likishajaa, msilipasue kama bado wanaweza kutembea nalo.

Nyoka: usiku viatu vya kufunika na tochi, hata kama choo kiko hatua kumi. Aliyeumwa asitembee. Vueni pete na bangili, fungeni gango kiungo kisicheze, mkimbizeni hospitali. Msichanje, msikaze kamba, msipoteze muda na jiwe la nyoka. Hospitali ya Mtakatifu Benedikto ipo hapo Ndanda, na hii ni sababu nyingine ya kulala karibu na ukingo badala ya kuzama katikati ya uwanda. Bodaboda moja ilale kambini.

Kila mtu alale ndani ya chandarua. Wazazi waambiwe kwamba homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya safari inapimwa malaria siku hiyohiyo. Wasichana wabebe taulo za kike hata kama hawazitarajii, na za akiba zikae kwa yule mlezi wa kike.

Mama Lishe Masasi

Chakula sasa. Acha maharage. Yanakula saa mbili za moto na maji mengi, na maji ndiyo huna. Beba choroko au dengu, ziloweke asubuhi kwenye ndoo yenye mfuniko, jioni zinaiva chini ya saa moja. Dagaa wakavu waliochambuliwa na kukaangwa kabisa nyumbani hawaharibiki siku tatu.

Unga wa ugali robo kilo kwa kijana kwa mlo mmoja, watu 15 weka kilo 4. Ugali huo unataka maji kama lita 8, kwa hiyo upike mara moja kwa siku, jioni. Asubuhi uji mzito wenye karanga zilizosagwa. Mchana msiwashe moto: mihogo iliyochemshwa alfajiri, korosho, karanga, tende. Kijana anayetembea anakula kuliko unavyodhani, ongeza theluthi kwenye kile anachokula nyumbani.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 na sufuria mbili kubwa viende na bodaboda. Juni majani yameanza kukauka, na moto ukitoroka kwenye mikorosho ya watu hakuna msamaha utakaotosha.

Mtu wa Uwandani

Mama umenikumbusha mikorosho. Juni ndiyo watu wanaanza kupulizia salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Wanapuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia, na vumbi lile la njano linaning'inia chini ya miti kama ukungu. Linachoma macho na kifua. Kijana mwenye pumu akilipita anaweza kubanwa vibaya. Waulize wazazi nani ana pumu, na pampu yake iwe mfukoni mwake, isiwe kwenye begi. Mkisikia mashine inanguruma mbele yenu, simameni upande upepo unakotoka, msubiri wamalize. Na msipige kambi chini ya mkorosho.

Mlezi wa Vijana (mtoa mada)

Ahsanteni sana, nimefuta Newala kwa miguu. Nimebaki na maswali mawili: begi liwe na uzito gani, na ruhusa naanzia wapi?

Mpanda Milima Kusini

Begi lisizidi sehemu ya sita ya uzito wa kijana. Mwenye kilo 45 anabeba kilo 7 na nusu, maji yakiwemo. Lipimeni kwa mizani ya dukani, msikisie. Mabegi mengi ya shule yana mikanda myembamba inayokata mabega: kunja kanga, ipitishe chini ya mikanda, na nyingine ifunge begi kiunoni ili mzigo ukae nyonga. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega, si chini kabisa. Sweta moja na shuka zito ni lazima, usiku wa Juni juu kule una baridi.

Wiki mbili kabla, tembeeni kilomita 8 na mabegi yaliyojaa kamili, mlale usiku mmoja uwanja wa shule. Begi litakalokatika, likatike huko.

Njiani anayekwenda polepole akae nyuma ya kiongozi, huyo ndiye anayepanga mwendo. Mtu mzima mmoja afunge msafara, asipitwe na yeyote. Hesabuni watu kila njia panda. Kuteremka siku ya tatu msiruhusu mbio, changarawe juu ya ardhi ngumu inateleza na magoti ya vijana yenye mzigo hayashiki.

Mwalimu Mstaafu

Ruhusa: barua ya mzazi yenye sahihi, namba mbili za simu, magonjwa, dawa na kadi ya bima. Kisha barua kwa mtendaji wa kijiji mtakakolala, nakala kwa mtendaji wa kata na polisi Ndanda, yenye orodha ya majina na tarehe. Kama ni wanafunzi wa shule moja, pitia kwa mkuu wa shule hadi ofisi ya elimu ya wilaya. Njia yenu ikikatiza msitu wa hifadhi, kibali kinatoka TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mkiwa Newala msishuke bondeni kuelekea Ruvuma. Ni ukanda wa mpakani, na mtoni kuna mamba na viboko.

Nenda mwenyewe kijijini wiki tatu kabla. Shule zitakuwa zimefungwa, kwa hiyo hakikisha nani anabaki na funguo za madarasa na vyoo.